Nani mwenyeji wa Cookham?

Kuna Uingereza ya kalenda za ukutani: kanisa la mawe lenye mnara mfupi, makaburi yaliyovamiwa na majani, mto unaopita bila haraka, batamaji wawili watatu juu ya maji. Cookham, kijiji cha Berkshire kilicho ukingoni mwa mto Thames, kama kilomita 40 magharibi ya London, kinafanana na kalenda hiyo kwa kila kitu. Wageni huja Jumamosi, hutembea kando ya mto, hula chakula cha mchana, kisha huondoka wakisema kwamba hapa hakuna kilichobadilika tangu enzi za mababu.

Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Utulivu wa Cookham haukuota wenyewe kama nyasi za ukingoni. Ni matokeo ya sheria, kesi na ugomvi wa karne nyingi juu ya swali moja: nani ni mwenyeji wa hapa, na nani ni mpita njia tu? Chombo kilichotumiwa kulijibu swali hilo kwa sehemu kubwa ya historia hiyo ni parokia.

Kwetu wengi parokia ni jambo la kanisa: eneo la padri, ratiba ya misa, jumuiya ndogondogo. Nchini Uingereza, kwa miaka karibu 300, parokia ilikuwa ndiyo serikali iliyo karibu kuliko zote na mlango wa mtu wa kawaida. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na rejista ya ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1555 Bunge likaipa parokia mzigo wa barabara, na wakazi wake wakalazimika kufanya kazi siku nne kila mwaka bila malipo kuzitengeneza. Mwaka 1601 ikaja kubwa kuliko zote, sheria ya maskini: kila parokia iteue waangalizi, itoze kodi kwa wenye mali, na iwalishe wazee, yatima, vilema na wasio na kazi walio wake. Kwa hiyo kanisa lile zuri la Holy Trinity, ambalo kuta zake za zamani ni za karne ya 12, lilikuwa pia ofisi ya vizazi na vifo, idara ya ujenzi na idara ya ustawi wa jamii, vyote chini ya paa moja.

Msomaji wa Uganda hatashangaa sana. Waingereza walipopanga utawala wa huko, muluka, yaani ngazi ya utawala yenye vijiji kadhaa, waliupa kwa Kiingereza jina hilohilo la parokia, na hadi leo Kampala inapogawa fedha za mpango wa maendeleo uliozinduliwa mwaka 2022 inazipitishia katika ngazi hiyo, ambayo haina padri wala kengele.

Cookham yenyewe ni ya zamani kuliko parokia. Inaingia katika maandishi kwa mlango ambao watu wetu wanaufahamu vizuri, yaani kesi ya ardhi na hati zilizoibwa. Katika karne ya 8 palikuwa na monasteri hapa, na mfalme Æthelbald wa Mercia, moja ya falme za kale za Uingereza, aliitoa kwa kanisa kuu la Canterbury, makao ya askofu mkuu. Baadaye hati zikaibwa na kupelekwa kwa mfalme wa Wessex, jirani na hasimu. Kisha Offa wa Mercia akaiteka Cookham kwa nguvu, akaishikilia bila hati yoyote. Offa alipofariki, monasteri ilibaki mikononi mwa mjane wake, Cynethryth, ambaye alikuwa ameingia utawani na kuwa mama mkuu. Mwaka 798 likakaa baraza la kanisa kumaliza shauri. Canterbury wakakubaliwa kwamba haki ilikuwa yao, lakini Cookham ikabaki kwa Cynethryth, naye akawapa Canterbury ardhi nyingine huko Kent kama fidia. Huyu si mjane wa kuonewa. Ndiye malkia pekee wa Waanglo-Saksoni anayejulikana kuwa na sarafu zilizotolewa kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2021 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Reading walichimba pembeni mwa kanisa wakakuta mabaki ya monasteri hiyo: alama za majengo ya mbao, sehemu za kufulia chuma, vipande vya vyungu, mapambo ya mwilini. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba monasteri ilikuwepo, lakini haikujulikana ilikaa wapi hasa. Ilikuwa jirani kabisa na makaburi ya leo.

Kwa nini mfalme na askofu mkuu wagombanie kijiji? Kwa sababu ya mto. Thames ulikuwa mpaka kati ya Mercia na Wessex, na ulikuwa barabara kuu. Aliyeshika Cookham alishika kivuko na mizigo. Hii ndiyo sura ya mto ambayo mgeni wa Jumamosi haioni. Karne baada ya karne, maji haya yalibeba matishari yaliyojaa kimea, nafaka, mbao na chaki kwenda London, yakirudi na makaa ya mawe. Yalivutwa kwa kamba, na farasi au na watu, kwa mwendo wa kuchosha. Wenye vinu walitaka maji yazuiwe yapate nguvu ya kusukuma mawe ya kusagia, ilhali wenye matishari walitaka yafunguliwe ili vyombo visikwame kwenye mchanga. Wavuvi walikuwa na lao. Hapakuwa na utulivu hapo. Palikuwa na matusi.

Mwaka 1830 ukachimbwa mfereji mfupi wenye milango ya kupandishia na kushushia vyombo, uliokata kona na kuliacha nyuma tawi la mto linalopita Hedsor, upande wa pili. Mwenye Hedsor, Lord Boston, alijikuta vyombo vilivyokuwa vikipita mbele ya ardhi yake sasa vinapita kwingine, naye hakulinyamazia jambo hilo. Ni kisa kidogo, lakini kinaonyesha kwamba hata njia ya maji mtu anayoiona leo akadhani ni ya asili ina mshindi na mshindwa wake.

Halafu reli ikafanya kile ambacho hakuna bwana wa ardhi angeweza kufanya. Ilifika Maidenhead mwaka 1838 na Cookham yenyewe mwaka 1854. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa, na matishari yakaanza kupungua hadi yakatoweka. Treni zilezile zilizoua kazi ya mto zikaleta watu wa London waliotaka kupiga makasia kwa starehe, wakiwa na vikapu vya chakula na miavuli. Kufikia 1885 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuuhifadhi mto wa Thames, na ndani yake likakiri kwamba njia hii ya vyombo sasa inatumika zaidi kama mahali pa burudani. Ningemshauri yeyote anayeandika juu ya vijiji vya Thames aanzie hapo. Hadi hapo mto ulikuwa mali ya watu wanaotoka jasho, na baada ya hapo ukawa mandhari. Uzuri tunaousifu ni wa baada ya kazi kuondoka.

Daraja la chuma la mwaka 1867, lililopakwa rangi na kupigwa picha kila kiangazi, ni la kipindi hicho. Lilijengwa kuchukua nafasi ya daraja la mbao, likasifiwa kwa bei yake nafuu, na kila aliyelivuka alilipa tozo hadi 1947, serikali ya kaunti ilipolinunua. Kibanda cha mtoza tozo bado kipo, sasa ni nyumba ya mtu.

Hata ndege wa mto huu wana wenyewe. Batamaji wa Thames wamegawanywa kisheria tangu karne ya 15: wa Mfalme, wa chama cha wauza mvinyo cha London, na wa chama cha watia rangi vitambaa. Kila Julai mashua za makasia hupanda mto kwa siku tano, batamaji na makinda yao hukamatwa, huhesabiwa na kuandikwa kufuata wazazi wao. Asiye na alama ni wa Mfalme. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 msimamizi wa kazi hiyo upande wa Ikulu alitoka Cookham, katika ukoo wa Turk wenye karakana ya mashua karibu na daraja. Leo zoezi hilo linatetewa kwa sababu za uhifadhi, na ni kweli kwamba madaktari wa wanyama hupima afya za ndege hao. Lakini lilianza kama rejista ya mali, nalo linafuata mantiki ileile ya parokia: kila aliyezaliwa hapa aandikwe, ijulikane ni wa nani.

Nimefika kwenye sehemu ya historia ya Cookham ambayo haimo kwenye vipeperushi vya utalii, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote.

Sheria ya 1601 ilikuwa na huruma ndani yake, na ilikuwa na mtego. Ikiwa kila parokia inalisha maskini wake tu, basi kila parokia ina sababu ya kuhakikisha maskini wa wengine hawageuki wake. Mwaka 1662 Bunge likalipa jambo hilo nguvu. Mgeni aliyehamia katika parokia na kupanga nyumba yenye thamani ya chini ya pauni 10 kwa mwaka angeweza, ndani ya siku 40, kushtakiwa kwa mahakimu wawili na kurudishwa alikotoka, hata kama alikuwa bado hajaomba chochote. Ilitosha kwamba huenda siku moja angeomba. Waliosumbuliwa zaidi ni wajawazito wasioolewa, kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa, na kodi ya kumlea ingeangukia wakazi wa hapo. Yapo maandishi mengi nchini Uingereza ya wanawake waliosukumwa kuvuka mpaka wa parokia uchungu ukiwa umekaribia. Mwaka 1697 ikaongezwa aibu ya nguo: aliyepokea msaada ashone kwenye mkono wa kulia herufi P, ya neno la Kiingereza pauper, yaani maskini, pamoja na herufi ya kwanza ya parokia yake. Agizo hilo lilibaki katika sheria hadi 1810.

Sasa tazama Berkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vita na Ufaransa, mavuno mabaya, bei ya mkate juu. Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa kaunti walikutana katika nyumba ya wageni ya Pelican huko Speenhamland, karibu na Newbury, wakaamua kwamba kibarua ambaye ujira wake haumtoshi aongezewe na parokia kulingana na bei ya mkate na idadi ya watu nyumbani kwake. Mkate mkubwa ukiuzwa shilingi moja, mwanamume mwenye bidii awe na shilingi tatu kwa wiki, na shilingi moja na nusu kwa mkewe na kwa kila mwingine wa familia. Bei ikipanda, msaada upande nao. Ulikuwa uamuzi wa kibinadamu wenye dosari iliyo wazi. Mwenye shamba aliyejua kwamba parokia itajazia hakuwa na haraka ya kupandisha ujira. Kodi ikapanda, walipakodi wakanung'unika, na vibarua wakabaki na njaa pamoja na sifa ya uvivu.

Cookham ikatoa jibu. Kasisi wake, Thomas Whately, ndugu wa Richard Whately aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Dublin, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1820 kubana msaada. Mwenye nguvu aliyekuja kuomba hakupewa fedha. Alipewa kazi ngumu ya parokia, kwa malipo yaliyo chini ya yale ya shambani. Wengi walipoona masharti hayo hawakurudi. Matumizi ya parokia yakashuka, walipakodi wakafurahi, na habari zikasambaa.

Tume ya kifalme iliyoundwa 1832 kuchunguza sheria za maskini ilimtuma Edwin Chadwick kuchunguza London na Berkshire, na Cookham ikawa moja ya mifano aliyoishika kwa mikono miwili. Taarifa ya tume hiyo, iliyoandikwa na Chadwick pamoja na mchumi Nassau Senior, ilizaa sheria mpya ya 1834, ambayo kanuni yake kuu ilikuwa hii: hali ya anayesaidiwa iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa anayejitegemea. Parokia zikaunganishwa katika miungano, na kila muungano ukatakiwa kuwa na nyumba ya kazi, yaani makazi ambamo maskini walifanya kazi ili wapate chakula na malazi, na ambako mume alitenganishwa na mke na wazazi na watoto. Nchi nzima ikapimwa kwa fimbo iliyochongwa katika vijiji vichache, na Cookham ilikuwa miongoni mwao.

Whately ana watetezi wake. Watasema aliwarudishia watu heshima ya kujitegemea, na kwamba mfumo wa Speenhamland ulikuwa umeoza. Sehemu ya pili naikubali. Ya kwanza inanishinda. Kupungua kwa waombaji si ushahidi kwamba njaa imepungua, ila ni ushahidi kwamba kuomba kumekuwa kugumu. Mtu akiacha kubisha mlangoni, rejista husafika, lakini rejista haiendi jikoni kwake kuangalia chungu. Katika miaka ileile, magharibi zaidi ya Berkshire, vibarua wa Kintbury na vijiji jirani walivunja mashine za kupura nafaka katika ghasia za 1830, na William Winterbourne akanyongwa Reading Januari 1831. Hivyo ndivyo mashamba ya kaunti hii yalivyokuwa wakati Cookham inasifiwa kwa unafuu wa kodi.

Muungano wa parokia zilizozunguka mahali hapa ulibeba jina la Cookham, lakini nyumba yake ya kazi, iliyojengwa 1836, iliwekwa Maidenhead. Kwa hiyo mateso yalikaa mjini na jina likakaa kijijini. Majengo hayo baadaye yakawa hospitali, na leo yanajulikana kama St Mark's.

Mwaka 1894 Bunge liliitenga parokia ya kanisa na parokia ya kiraia, likaanzisha mabaraza ya kuchaguliwa ambayo wanawake, walioolewa pamoja na wasioolewa, waliweza kuyapigia kura na kugombea, miaka 24 kabla ya baadhi yao kuruhusiwa kuchagua wabunge. Ni hatua kubwa ambayo haitajwi inavyostahili. Lakini baraza lililozaliwa lilikuwa limekwisha kunyang'anywa kazi nzito. Maskini walikuwa chini ya muungano, na barabara zilikuwa zikienda kwa mamlaka za wilaya. Baraza la Parokia ya Cookham lililopo leo lina mambo madogomadogo ya mahali pake: njia za miguu, bustani za kukodi, makaburi, mabenchi, na maoni juu ya vibali vya ujenzi ambavyo uamuzi wake hutolewa na manispaa ya Windsor na Maidenhead.

Basi nani alibaki kutunza roho ya parokia? Jibu langu ni mchoraji.

Stanley Spencer alizaliwa katika barabara kuu ya Cookham mwaka 1891, katika nyumba iliyojengwa na babu yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki. Alipokwenda kusoma sanaa London, katika chuo cha Slade, alirudi nyumbani kwa treni karibu kila jioni, hadi wenzake wakambatiza jina la kijiji chake. Mwaka 1915 alianza kuchora ile shughuli ya kukamata batamaji, akaiacha haijakamilika chumbani mwake alipokwenda vitani, kwanza kuhudumia wagonjwa Bristol, kisha Makedonia. Aliirudia vita vilipokwisha, akaimaliza 1919. Katika picha hiyo hamna mandhari ya kalenda. Kuna wafanyakazi karakanani, batamaji wamefungwa na kubebwa kama mizigo, wanawake wanahamisha mito ya kukalia kutoka kwenye mashua. Spencer aliupenda mto, lakini aliuona kwa macho ya mtoto wa hapo, anayejua nani anafanya nini.

Kazi yake kubwa ni ile ya ufufuo pale Cookham, aliyoichora kati ya 1924 na 1927, turubai la karibu mita 2.7 kwa 5.5, sasa liko mikononi mwa jumba la sanaa la Tate, London. Siku ya mwisho imefika, na imefika katika uwanja wa Holy Trinity. Hakuna moto wala tarumbeta. Watu wanaamka makaburini kama wanaoamka Jumapili asubuhi: mmoja anajinyoosha, mwingine anasoma maandishi ya kaburi lake, mke anamfuta mumewe vumbi la koti. Hilda Carline, mke wa mchoraji, yumo zaidi ya mara moja, na Spencer mwenyewe yumo, uchi kabisa, ameegemea mawe ya kaburi. Kwa mbali juu kushoto, mashua za starehe zinawabeba waliofufuka kwenye Thames. Peponi kwa Spencer ni parokia yake ileile, na watu walewale.

Mimi naiona picha hii kuwa hati bora ya parokia ya Kiingereza kuliko rejista yoyote, na nasema hivyo kwa wema wake na kwa ubaya wake. Wema wake ni kwamba hakuna anayefukuzwa. Hakuna hakimu wa siku 40, hakuna herufi kwenye mkono wa nguo. Ila katikati ya turubai kuna kundi la watu weusi wanaochomoza kutoka kwenye udongo mkavu uliopasuka, tofauti na majani mabichi yanayowazunguka wengine. Wazungu wengi pale ni watu halisi, wenye sura na majina: mke, marafiki, majirani. Watu weusi hawana majina. Ni wa jumla, wamewekwa kuwakilisha dunia nzima. Miaka hiyohiyo Kenya ilikuwa koloni na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, na ofisi za London zilikuwa zikituandika kwa namna hiyohiyo, kwa makabila na hesabu za vichwa. Spencer alikuwa na nia njema, naamini hivyo. Alitaka Cookham iwe na nafasi ya kila binadamu, na akatuweka ndani. Lakini alituweka kama wageni waalikwa, hata siku ya kiyama.

Alifariki 1959 akiwa bado anachora Kristo akihubiri kwenye mashindano ya mashua ya Cookham. Turubai hilo, ambalo halijakamilika, limo katika jumba la sanaa lenye jina lake, lililofunguliwa 1962 katika kanisa dogo la zamani la Wamethodisti ambako mama yake alikuwa akimpeleka utotoni. Kigari cha mtoto alichokuwa akisukumia rangi na vifaa vyake barabarani kimo humo pia. Nawashauri waendao Cookham waanze hapo kabla ya kwenda mtoni.

Mengine ya karne hiyo nitayasema kwa haraka. Mwaka 1934 wakazi wa Cookham na Maidenhead walichanga fedha, wakanunua haki za bwana wa ardhi juu ya malisho ya pamoja, wakayakabidhi kwa shirika la hifadhi la National Trust, ili yasije yakajengwa. John Spedan Lewis, aliyegeuza biashara ya maduka ya familia yake kuwa mali ya wafanyakazi, alinunua eneo la Odney katika miaka ya 1920, likawa mahali pa wafanyakazi hao kupumzika. Matukio yote mawili ni ya kusifiwa. Nyasi za malisho ziko wazi kwa yeyote, hata mimi na wewe, bila kuulizwa tumetoka parokia gani. Matokeo yake mengine yalikuja taratibu. Malisho yamefungwa yasijengwe, ukanda wa kijani unaozunguka London umefungwa, tambarare za mafuriko hazifai kujengwa, kama ilivyoonekana mwanzoni mwa 2014 Thames ulipofurika hadi kwenye njia za kijiji. Kilichobaki ni kidogo, na nafasi ikiwa ndogo bei hufanya kazi ya mahakimu wa 1662. Vijumba vilivyojengwa kwa ajili ya vibarua na watu wa mashua sasa hununuliwa na watu wenye mishahara ya London. Hakuna anayemfukuza maskini wa leo. Hawezi tu kuanza.

Ndiyo maana mjadala wa nyumba mpya unanivutia kuliko batamaji. Mpango wa ardhi wa manispaa uliopitishwa 2022 umetenga shamba pembezoni mwa Cookham kwa ajili ya nyumba takriban 200. Upinzani ni mkubwa, na hoja zake si za kipuuzi: barabara nyembamba, daraja la chuma linalopitisha gari upande mmoja kwa zamu, shule na zahanati zenye nafasi ya kuhesabu. Lakini msisitizo wa kulinda haiba ya kijiji ndio unaonifanya nisite, maana haiba hiyo imekwisha kutumika mara nyingi kuamua nani asiingie. Kijiji hiki kimebadilishwa na monasteri, matishari, reli, tozo na wachoraji, na kila kizazi kilidhani Cookham halisi ni ile aliyoikuta.

Mimi ningeruhusu nyumba zile zijengwe, kwa sharti moja linaloandikwa kwenye kibali na kufuatiliwa: sehemu kubwa yake ziwe za kupangisha, kwa kodi ambayo muuguzi anayefanya kazi St Mark's anaweza kuilipa kwa mshahara wake, bila kuomba kujaziwa na mtu.